Nyumba Isiyoitikiwa Yowe

Kama umefungwa, huenda haya hutayasoma wewe. Atakayeyasoma ni yule aliyekufunga, ameketi nje kwenye kigoda, amechoka, hajui afanye nini tena. Basi nianze na yeye. Sikulaumu, ndugu yangu. Mimi alinifunga mama yangu mzazi, na leo nakula naye sahani moja. Ninachokuomba ni kimoja tu: siku utakapompeleka mgonjwa wako hospitali, nenda na ufunguo. Utanielewa huko mbele.

Naitwa Minza. Nina ugonjwa ambao wenye elimu wanauita skizofrenia, jina nililolijua nikiwa nimeshakaa nao muda mrefu. Kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi ukielekea Migato, walikuwa wanasema tu kwamba Minza amechanganyikiwa, na hawakukosea. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mkoa wa Simiyu ulikuwa haujazaliwa, sisi tulikuwa wa Shinyanga. Pamba, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, ilianza kufuatwa na malori ya watu binafsi, na kila mwenye mtaji alifungua duka. Mume wangu alifungua la mitumba kule Nyalikungu, Maswa. Nyuma ya duka hilo ndiko nilikoanza kuwasikia.

Walikuwa wanaume wawili. Walizungumza kwa upole kama watu wanaopanga harusi, na walichokuwa wanapanga ni kuiba ng'ombe wa baba yangu. Nilizunguka ukuta kuwatafuta, nikakuta mbuzi anakula boksi. Nikirudi ndani, wanaendelea. Wakati mwingine walinitaja, wakasema huyu anatusikia, lakini atafanya nini. Niliacha kupika, nikaacha kuoga, nikawa nakaa nimeegemeza sikio ukutani. Mume wangu alinivumilia msimu mmoja, kisha akanipandisha basi, akanikabidhi kwa baba kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Akasema nikae kwetu nipumzike. Hajaja kunichukua mpaka leo, kwa hiyo nadhani bado napumzika.

Kwa asiye wa kwetu, nieleze habari ya yowe. Kwetu yowe halipigwi ovyo. Ukilisikia, unaacha ulichoshika, unachukua fimbo au upinde, unakimbilia lilikotokea, na huku unakimbia unalipokea na wewe, ili jirani wa mbele yako naye alisikie. Linakwenda hivyo nyumba hadi nyumba, na ndiyo maana ng'ombe walioibwa asubuhi hukutwa jioni mbali huko, karibu na Mwanhuzi, kabla mwizi hajawafikisha anakokwenda. Asiyetoka ataulizwa na sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Anayelipiga bila sababu ataulizwa zaidi.

Mimi nililipiga mara tatu. Mara ya kwanza watu walikuwa kwenye mizani, lori la mnunuzi limefika, kila mtu amekaa juu ya gunia lake akingoja zamu. Wakaacha pamba chini, wakakimbia na fimbo mpaka mtoni, wakamkuta baba anawanywesha ng'ombe wake, wote wazima, anawashangaa. Waliporudi, lori lilikuwa limeshahamia kijiji kingine, maana wanunuzi wa ruksa hawakumngoja mtu. Walinung'unika, wakasema mtoto ameona vibaya. Mara ya pili ilikuwa wakati wa kulima. Wanaume waliwaacha maksai kwenye nira, maksai wakaburuza plau hadi kwenye korongo, na mmoja akavunjika mguu. Alikuwa wa Mzee Mayunga, jirani yetu wa mashariki, ambaye pia ndiye aliyekuwa ntemi, yaani mkuu wa sungusungu wa kijiji. Mara ya tatu ilikuwa wakati wa palizi. Walikuja wachache, na walikuja wakitembea.

Nataka uelewe kwamba sikuwa natania wala kufanya ukaidi. Niliwasikia wale watu wakifungua mlango wa zizi. Nilisikia kwato. Ungesikia nilichosikia, nawe ungepiga yowe, na ungenishangaa kama ningekaa kimya.

Mkutano ulikaa kwenye uwanja wa shule. Baba alilipa dume, likachinjwa na kuliwa palepale kama desturi inavyotaka, naye akapewa nyama asiile. Mzee Mayunga akasimama. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nilimwogopa tangu utoto.

"Luhende," alimwambia baba, "mwanao anatukimbiza. Leo tumekimbia bure, kesho mtu atasikia yowe la kweli atasema ni Minza huyo, na ng'ombe wa watu watakwenda. Mfunge."

Baba akasema, "Sijawahi kumfunga hata mbwa."

"Basi yowe la nyumba yako halitaitikiwa. Mpaka mdomo ule upone."

Watu wakapiga makofi kukubali. Hivyo ndivyo nyumba yetu ilivyokatwa. Tuliendelea kusalimiwa na kuchota maji kisimani, lakini sasa tuliishi kijijini kama watu waliopiga kambi. Kuanzia siku hiyo baba alihamishia kitanda chake cha kamba kando ya zizi, mvua na kiangazi, kwa sababu mwizi naye ana masikio na habari kama hiyo haikosi kumfikia.

Aliyenifunga ni mama. Alingoja baba amekwenda kuchunga, akatoa mnyororo wa plau, akauzungusha kwenye kifundo changu cha mguu na kwenye nguzo ya katikati ya nyumba, akatia kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Alifanya yote hayo akilia. Aliniambia, "Mwanangu, baba yako anazeeka nje. Wakiona umefungwa watatusamehe." Na Mzee Mayunga alikuja kweli kuutazama ule mnyororo. Akaukagua kwa fimbo, akamwambia mama umefanya vizuri, lakini mdomo haujafungwa. Akaondoka, na katazo likabaki palepale.

Wanaouliza kufungwa kukoje, mimi huwaambia kwanza ni kuwashwa. Chuma kinapata joto mchana na baridi asubuhi, na ngozi chini yake haijui ishike lipi. Mlango wetu ulikuwa wa mbao zenye mwanya, na kwenye mwanya huo niliona msimu ukipita: kwanza majani mabichi, kisha miguu ya watu wanaokwenda kupalilia, kisha pamba nyeupe imetandazwa uani kwenye mikeka. Haja ndogo na kubwa nilifanyia kwenye karai, mama analitoa. Wale wanaume wawili walihamia ndani ya paa. Sasa walikuwa na nafasi ya kutosha, wakizungumza kutwa, na mimi sikuweza hata kuzunguka ukuta kuwatafuta. Nilipopiga kelele, kijiji kizima kilinisikia na hakuna aliyekuja. Huo ndio ulikuwa mnyororo wangu hasa. Hata mama akiwa kisimani na nyoka akaingia, ningemwita nani?

Aliletwa mganga. Alipasua kuku, akatazama ndani, akasema bibi yake baba alikufa peke yake mwaka wa njaa akiita watu wasimwitikie, na sasa anaita kupitia kwangu. Alinivisha shanga nyeupe mkononi. Sitamcheka. Alikuwa mtu wa kwanza kusema kwamba ninachokisikia kina sababu, nami nilizivaa zile shanga kwa moyo wote. Lakini bibi hakunyamaza, na mbuzi wawili wa malipo walikwenda.

Aliyenitoa ni kaka yangu Njile. Alikuwa amepata kazi ya kuzunguka na baiskeli akiwatafutia pamba wenye malori, na huko Bariadi akasikia kwamba hospitalini kuna sindano ya watu kama mimi, unachomwa mara moja kwa mwezi. Mama aliogopa. Baba, ambaye tangu nilipofungwa alikuwa hamsemeshi mama ila kwa neno moja moja, alisema mpelekeni. Njile akazungumza na dereva, wakafungua mnyororo kwenye nguzo, lakini mguuni wakauacha nisije nikaruka njiani. Nikasafiri juu ya magunia ya pamba, nimeshikilia mnyororo wangu mapajani kama mtu aliyeshika mtoto. Juu kule kulikuwa na upepo. Nakumbuka nilicheka, na Njile akaogopa kicheko kuliko yowe.

Benchi la kungojea lilikuwa refu na limejaa. Tulipokaa, lilianza kuwa na nafasi. Mama mmoja mwenye mtoto wa surua alihama, mzee wa kikohozi naye akahama, mwishoni tukabaki mimi na Njile na mnyororo kama matajiri. Nilikaa pale jua likahama kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Kulikuwa na tangazo jipya ukutani la uchangiaji, kwamba matibabu si bure tena, na watu walikuwa wanalisoma, wanatoka nje kushauriana, wengine hawarudi. Nesi mmoja mtu mzima alipita, akanitazama mguuni, akasimama.

"Huyu hatachomwa sindano na chuma mwilini. Fungueni hiyo."

Njile akajipapasa mifukoni. Nikaona uso wake unavyobadilika. Ufunguo ulikuwa kwenye pindo la kanga ya mama, kijijini.

Ndiyo maana nakwambia, nenda na ufunguo. Njile aliazima baiskeli, akarudi nyumbani na jua lile, nami nikabaki peke yangu na watu waliokuwa wananiangalia kwa pembe ya jicho. Yule nesi aliniletea uji kwenye kikombe cha plastiki. Hakukiweka chini na kukisukuma kwa mguu kama nilivyokuwa nimezoea. Alinishikisha mkononi, akakaa palepale kwenye benchi, akanywa wake. Mpaka leo sijui jina lake.

Njile aliporudi, jasho limemkauka na kuacha chumvi shingoni, alinifungua, tukaingia kwa tabibu. Alikuwa kijana mwembamba, Msukuma wa upande wa Magu, na swali lake la kwanza sikuwa nimewahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Hao wanaozungumza, wanazungumza Kisukuma au Kiswahili?"

"Kisukuma," nikasema. "Ila wakihesabu ng'ombe wanahesabu kwa Kiswahili."

Aliandika. Hakucheka. Aliuliza wana umri gani, wanagombana, wamewahi kunisifu. Nilijibu yote. Ilikuwa faraja kubwa, kama kumweleza mtu njia ya kijiji chenu naye akawa anakijua.

Sitakusumbua na elimu ya ubongo, maana sina. Nitakupa tu alichonieleza, kwa sababu kilinisaidia kulala. Alisema ndani ya kichwa kuna habari zinazopelekwa kutoka mahali hadi mahali bila kupumzika, mmoja anapiga, wa pili anapokea, anampelekea wa tatu.

"Kama yowe," nikamwambia.

Akafikiri. "Haya, kama yowe. Kwenu yowe likipigwa, nani analizima?"

"Wanaofika kwanza. Wakikuta hakuna kitu wanarudisha neno, basi, tulieni. Nalo linapokelewa hivyohivyo kurudi nyuma."

"Sasa katika kichwa kuna vitu vidogo sana vinaitwa vimeng'enya. Vingine ni vya kuwasha habari, vingine ni vya kuizima. Kwa mtu mwenye ugonjwa wako, inaonekana hao wa kusema basi wanachelewa, au hawasikiki. Yowe linazunguka tu."

"Wamelala au wamekufa?"

"Hata wakubwa wetu hawajui vizuri. Wanatafuta. Dawa hii haiwaamshi, inapunguza wanaopiga kelele."

Nimeishi na maelezo hayo hadi leo. Juzijuzi daktari mwingine alinieleza kwa maneno mapya, mengi zaidi, na mwisho naye akasema wanatafuta. Kwangu ilitosha kujua kwamba si bibi, si laana, na si ubaya wangu. Ni kijiji ambamo neno la basi halirudi.

Lakini usidhani sindano ni muujiza. Nilirudi nyumbani, mama akanifunga tena kwenye nguzo, nikalala kama gogo, nikaamka shingo imepinda upande, ulimi mzito, mate yanatoka. Nikifunguliwa kwenda kuchomwa sindano, nilitembea mikono imening'inia, haibembei, watoto wakawa wananiigiza. Wale wanaume wawili hawakuondoka. Walihama tu kutoka kwenye paa wakaenda nje ya ua, msimu uliofuata wakawa ng'ambo ya mto, nasikia sauti lakini sisikii maneno. Njaa ilinishika, nikanenepa mpaka gauni likapasuka kwapani. Kisha hedhi ikakatika, na asubuhi moja nikaona blauzi yangu imelowa kifuani. Ilikuwa maziwa, mimi ambaye sijawahi kuzaa.

Mama aliona. Alikaa chini palepale kando ya nguzo.

"Minza. Ni nani?"

"Hakuna mtu, mayu."

"Umefungwa kwenye nguzo ya nyumba yangu, na una maziwa. Ni nani aliyeingia humu?"

Nikarudia lilelile. Kisimani habari ilifika kabla ya ndoo. Kwa muda wote uliobaki wa msimu ule nilitazamwa tumbo, na kwa kuwa nilinenepa, kila aliyetazama aliona alichotaka. Mimi mwenyewe kuna siku niliamini. Nililia sana. Nilisema sindano siendi tena, heri wale wawili kwenye paa kuliko aibu hii. Njile ndiye aliyenivuta kwa nguvu hadi kwa tabibu, na tabibu akamwambia mama, ambaye alikuja mwenyewe safari hiyo, kwamba ni dawa, inatokea, akapunguza kipimo na kuongeza vidonge vya kulegeza mwili. Njiani kurudi mama alitembea mbele yangu bila kugeuka. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama akanifunga kanga vizuri begani. Hakusema nisamehe. Kwetu wazazi hawasemi hivyo, lakini kanga ile alinifunga vizuri sana.

Mnyororo ulinitoka mguuni kwa sababu ng'ombe waliuhitaji. Natamani ningekwambia kwamba kijiji kilikaa kikaniona nimepona. Hapana. Mvua za kwanza zilinyesha, maksai wakafungwa nira, plau haikuwa na mnyororo, na hela ya mwingine haikuwepo. Baba akaja, akaufungua, akaupeleka shambani. Jioni hakuurudisha. Mama hakuuliza. Nami nilikaa kando ya nguzo siku hiyo yote na kesho yake, nimekunja mguu uleule, kabla sijakumbuka kwamba naweza kusimama.

Hapo wengi hudhani hadithi imekwisha. Lakini kutoka kwenye nguzo sikuwa nimetoka. Nilichomwa sindano zangu, na dawa ilipokosekana hospitali, jambo lililokuwa la kawaida, Njile aliitafuta kwenye maduka ya dawa ya Bariadi, na ikikosekana huko aliifuata Maswa. Nilipalilia, nilichuma pamba. Lakini wanawake waliokuwa wanalimiana kwa zamu hawakuniita. Nikisalimia, wanaitikia huku wanatazama mdomo wangu. Nami niliuogopa mdomo wangu kuliko wao. Nilizungumza kwa sauti ya chini mno hata baba akawa ananiambia rudia. Sikuimba. Mbuzi akiingia shambani sikumfukuza kwa kelele, nilimfuata nikamshika pembe. Na baba aliendelea kulala zizini. Alikwenda kwa Mzee Mayunga kuomba katazo liondolewe, akaambiwa tungoje. Akaenda tena, akaambiwa tungoje, nitazamwe mpaka masika yajayo. Alikuwa amekonda, anakohoa, na mimi nilijua kila kikohozi kimetoka wapi.

Alikufa wakati wa mavuno, asubuhi, jua limeshapanda. Alikuwa anafungua zizi. Nilikuwa nafagia uani, nikaona mlango wa miti umefunguka nusu na ng'ombe wanatoka wakipita pembeni, hawakanyagi mahali fulani. Nikaenda. Baba alikuwa amelala kifudifudi, fimbo bado mkononi.

Nilichofanya hapo kitakushangaza kama hujawahi kuumwa ugonjwa huu. Sikulia. Nilisimama nikajiuliza kama ni kweli. Nilikuwa nimewahi kusikia kwato ambazo hazikuwepo, nitajuaje kama huyu baba yupo? Nilimgusa mguu, ukawa wa baridi, lakini hata mkono wangu sikuuamini. Mama akatoka jikoni, akasimama kando yangu.

"Mayu," nikamwuliza, "nawe unamwona?"

"Namwona, mwanangu," mama akasema. "Namwona."

Akafungua kinywa kupiga yowe la msiba. Kisha akakiziba kwa kiganja chake mwenyewe. Nilimwona anavyolitafuna lile yowe, mabega yanaruka, machozi yanapita katikati ya vidole. Hakuwa anaogopa adhabu. Alikuwa anaogopa kupiga yowe juu ya maiti ya mume wake na kusikia kimya. Njile alikuwa Bariadi. Kwetu maiti haizikwi na wanawake wawili.

Nikasema nitakwenda kwa Mzee Mayunga. Nilitamani kukimbia, lakini kichaa akionekana anakimbia watu hufunga milango. Nilitembea. Nilijitanda kanga sawasawa, nikapita kando ya shamba la pamba, nikasalimia niliokutana nao. Nilimkuta ameketi uani anachonga mpini, mke wake anapepeta mtama. Nikapiga magoti.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wana Luhende. Mhola?"

Nilipaswa kujibu mhola, ni amani tu. Ndivyo inavyojibiwa hata kama nyumba inaungua, habari hufuata baadaye. Nikajibu. Akaniuliza habari za nyumbani, za mama, za ng'ombe, nami nikaitikia moja baada ya nyingine, magoti kwenye vumbi, baba yangu amelala zizini. Nilipomaliza nikasema, "Baba amefariki."

Aliacha kuchonga. Alinitazama mdomo, kisha macho.

"Sindano umechoma lini?"

"Mwezi huu. Haijaisha."

"Umemwona wewe peke yako?"

"Nilimwuliza mayu kama anamwona. Anamwona."

"Sasa hivi unasikia nini?"

Nikasikiliza kwanza, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Nasikia ungo wa mama hapo. Nasikia kuku. Wale wengine wapo mbali, hawasemi kitu."

Mke wake alikuwa ameacha kupepeta. Mzee Mayunga akainuka, akachukua fimbo yake, akaenda hadi kwenye njia ya kwetu. Nilijua anachotaka kufanya: kwenda kutazama kwanza kwa macho yake, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Alisimama pale, amenipa mgongo.

"Nikienda kumtazama kwanza," alisema, "nitakuwa nimemfanya Luhende angoje tena mlangoni kwangu. Amengoja vya kutosha." Akageuka. "Inuka. Piga."

"Mimi?"

"Ni baba yako. Piga ukiwa hapa uani, kwenye mji wangu."

Nilisimama. Tangu mara ile ya tatu sikuwa nimepaza sauti kwa lolote, na niliogopa kwamba nikifungua kinywa watatoka wale wawili. Nikaweka kiganja mdomoni, nikapiga.

Lilitoka jembamba, likakatika. Nikavuta pumzi, nikapiga tena, na hili lilikuwa lenyewe. Mzee Mayunga alilipokea palepale kando yangu, kwa sauti nzito ambayo kijiji chote kilikuwa kinaijua. Halafu pakawa kimya. Halafu nikalisikia upande wa kisimani, likapokelewa ng'ambo ya mto, likaendelea kule mbele likipungua.

Sikuamini. Nimesikia mengi maishani. Nikamgeukia mke wa Mzee Mayunga, nikataka kumwuliza kama naye anasikia, lakini hakuwepo tena kwenye ungo. Alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, anakimbia kwenye njia ya kwetu, na nyuma yake, kutoka kwenye mashamba, watu walikuwa wanakuja na pamba bado mikononi.